Uchawi wa Kwenye Gemu Hutoka Wapi? Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Nimekusanya hapa maswali ambayo watu wanaobuni gemu, za mezani na za kompyuta, huyarudia kila mazungumzo yanapofika kwenye uchawi: nani alianzisha hili, lile limechukuliwa wapi, na sisi tuchukue nini. Kila jibu linajitegemea, kwa hiyo anza popote. Pale jambo lilipokwisha kuelezwa kwingine, nimetaja swali la kutazama.

## Mambo ya msingi

"Mfumo wa uchawi" maana yake nini?

Ni kanuni zinazosema nani anaweza kufanya uchawi, kwa kutumia nini, kwa gharama gani, na kitatokea nini akikosea. Moto, radi na mbawa ni mapambo tu. Mchezaji akijua kwamba tabano fulani, yaani maneno ya uchawi, linatumika mara moja kwa siku, linahitaji manyoya, na likikatizwa katikati linamgeukia mwenyewe, hapo ameshaujua mfumo hata kama hajaona picha yoyote.

Yeyote aliyekulia kwetu anaujua mfumo wa namna hii bila kufundishwa, kwa kuwa dawa ya mganga haiji bila masharti. Usigeuke nyuma. Usimsalimie mtu njiani mpaka ufike. Kuku awe mweusi asiye na doa. Sharti likivunjwa, dawa imekufa. Msimamo wangu katika ukurasa huu wote ni huo: mbunifu akienda kutafuta uchawi katika mila yoyote, aulize kwanza masharti yake, ndipo aulize majina na mavazi. Wengi hufanya kinyume, na ndiyo maana gemu nyingi zina wachawi tofauti wenye uchawi ule ule.

Je, wabunifu hutunga wenyewe au huiga?

Huiga, kisha huchanganya. Wala hawafichi. Gary Gygax, mmoja wa waasisi wawili wa Dungeons & Dragons, mchezo wa mezani wa kuigiza wahusika, pamoja na Dave Arneson, aliweka katika mwongozo wa msimamizi wa mchezo wa mwaka 1979 kiambatisho kizima cha waandishi waliompa mawazo. Mpaka leo wabunifu huisoma orodha hiyo.

Kinachotofautisha wabunifu ni umbali wa kisima. Anayechota kwenye gemu nyingine anapata maji yaliyokwisha chujwa mara kumi. Anayerudi kwenye hadithi, ibada, ufundi au hesabu zenyewe hukuta vitu ambavyo wenzake waliviacha njiani.

Kwa nini karibu kila gemu ina mpira wa moto?

Kwa sababu ya mizinga. Kabla ya Dungeons & Dragons kutoka mwaka 1974, Gygax na Jeff Perren walikuwa wameandika Chainmail (1971), kanuni za kuchezesha vita vya zama za kati kwa vinyago vya askari mezani. Mwishoni mwake kulikuwa na nyongeza ya mambo ya fantasia, na ndani yake mchawi alipewa silaha mbili: mpira wa moto uliolipuka eneo sawa na jiwe la manati kubwa ya vita, na radi iliyopimwa kwa ukubwa wa mzinga mzito. Walihitaji mzinga kwenye uwanja usiokuwa na mizinga, wakamvika mchawi kazi hiyo.

Kwa hiyo tabano maarufu kuliko yote halikutoka kwa mchawi wa kabila lolote. Limetoka kwenye hesabu za vita, na harufu hiyo haijalitoka hadi leo: hupimwa kwa umbali, upana wa mlipuko na idadi ya majeruhi.

Kwa nini katika gemu nyingine mchawi "husahau" uchawi akishautumia?

Hilo limetoka kwa mwandishi Mmarekani Jack Vance na kitabu chake The Dying Earth cha mwaka 1950. Wachawi wake hukariri matabano mazito sana, kichwa kinabeba machache tu, na kila moja likitamkwa linafutika akilini mpaka likaririwe upya. Gygax alilipenda kwa sababu ya mezani: mchezaji analazimika kuchagua asubuhi atabeba nini, na akikosea kuchagua, shauri yake. Ndani ya mchezo kuna hata shukrani ya kificho, maana Vecna, jina la mchawi mfu maarufu wa Dungeons & Dragons, ni herufi za Vance zilizopangwa upya.

Watu huulalamikia mfumo huu kuwa si wa asili. Mimi huutetea. Una sharti lililo wazi, na sharti hilo linaleta uamuzi mgumu kila siku ya mchezo. Ni mifumo michache inayofanya hivyo kwa kanuni moja.

Na "mana" ni kitu gani?

Ni neno la watu wa visiwa vya Pasifiki, Wapolinesia na Wamelanesia, na kwao si mafuta ya kuendeshea uchawi. Ni nguvu na heshima inayokaa ndani ya mtu, ukoo, kitu au jambo lililofanikiwa. Mmisionari Mwingereza Robert Codrington aliiandikia katika kitabu chake juu ya Wamelanesia mwaka 1891, na wataalamu wa Ulaya wakalidaka neno. Mwaka 1969 mwandishi Mmarekani Larry Niven akatoa hadithi fupi ambamo mana ni rasilimali ya mahali: ukiitumia eneo moja mpaka ikaisha, uchawi wa eneo hilo umekwisha.

Wabunifu wa kompyuta wakaipokea kwa mikono miwili, kwani mashine hupenda kitu kinachohesabika. Ultima III ya 1983 ilikuwa na pointi za uchawi zinazopungua na kurudi polepole, na leo mstari wa buluu pembeni mwa skrini ni wa kawaida kiasi kwamba hakuna anayeuliza ulikotoka. Magic: The Gathering (1993), mchezo wa karata wa Richard Garfield, uliifunga mana na ardhi: mlima hutoa nyekundu, msitu kijani, kinamasi nyeusi, kisiwa buluu, tambarare nyeupe. Angalau pale mana ina kwao.

Kilichopotea njiani ni mwenza wake. Huko Polinesia mana hutembea na tapu, yaani miiko: mwenye mana nyingi haguswi kichwa, vyombo vyake havitumiwi na mwingine, chakula chake hakichanganywi. Michezo ilichukua nguvu ikaacha miiko. Kwangu mimi, hapo pana gemu nzima ya kutengenezwa.

## Hadithi na elimu za kale

Moto, maji, udongo na upepo: nani aliamua viwe vinne?

Empedokle, Myunani wa Sisilia, karne ya 5 kabla ya Kristo. Aristotle akaongezea tabia: moto ni wa joto na ukavu, hewa joto na unyevu, maji baridi na unyevu, udongo baridi na ukavu. Waarabu wakaitafsiri elimu hiyo na kuiendeleza katika tiba na nyota, na kwa njia hiyo ikafika pwani yetu. Ndiyo maana wazee bado huambizana kwamba chakula fulani kina asili ya baridi, na mnajimu hukwambia nyota yako ni ya moto au ya maji.

China wana vitano: mti, moto, udongo, chuma na maji. Uzuri wa vitano hivyo ni mzunguko wake. Mti huzaa moto, moto huzaa udongo, udongo huzaa chuma, chuma huzaa maji, maji huzaa mti. Kisha kuna mzunguko wa pili wa kushindana: mti hupasua udongo, udongo huzuia maji, maji huzima moto, moto huyeyusha chuma, chuma hukata mti. Kila kimoja kina mzazi, mtoto, mshindi wake na mshinde wake. Huhitaji kuongeza kitu ili kupata mchezo.

Ukitaka kuvuruga mazoea, anza na methali. Karibu kila gemu inasema maji hushinda moto. Sisi tunasema dawa ya moto ni moto. Jaribu kuunda mfumo ambao kila nguvu huzimwa na ya aina yake tu, uone wachezaji watakavyoanza kuogopana wenyewe kwa wenyewe.

Majini na maafriti waliingiaje kwenye gemu za Wajapani na Wamarekani?

Kupitia Alfu Lela U Lela. Mfaransa Antoine Galland alianza kuichapisha kwa Kifaransa mwaka 1704, Ulaya ikaichangamkia, na majini wakawa mali ya kila msimulizi. Ifrit anayeitwa vitani katika mfululizo wa Final Fantasy ni afriti huyu huyu tunayemjua, aliyetajwa katika Qurani, Sura An-Naml, akijitolea kumletea Nabii Suleiman kiti cha enzi cha malkia wa Saba. Bahamut, joka mkuu wa michezo hiyo, safari yake ni ya ajabu zaidi: katika vitabu vya Waarabu juu ya maumbile ya ulimwengu ni samaki mkubwa aliye chini kabisa, akibeba fahali anayebeba dunia. Dungeons & Dragons ndiyo iliyompa umbo la joka, Wajapani wakampokea hivyo.

Masharti ya majini yanafaa kuliko sura zao. Katika hadithi ya mvuvi, jini amefungiwa ndani ya chombo cha shaba chenye muhuri wa Suleiman. Miaka ya mwanzo anaapa kumtajirisha atakayemfungua. Anangoja, hakuna mtu. Mwishowe, kwa hasira ya kungoja, anaapa kumuua. Zawadi inaoza kadiri unavyochelewa kuifungua, na aliye nje hana njia ya kujua imeshaoza kiasi gani. Hakuna matakwa matatu hapo. Hata kwa Aladini wa Galland jini wa taa hakuwekewa idadi. Hiyo tatu imetoka kwingine.

Runi je?

Runi ni herufi za kale za Ulaya ya kaskazini. Mfululizo wake wa zamani zaidi una herufi 24. Katika ushairi wa Kinorsi, mungu Odin alijitundika juu ya mti usiku tisa, amechomwa mkuki, bila chakula wala kinywaji, ndipo akazipata. RuneQuest ya 1978 ilizifanya kuwa nguzo za ulimwengu wake mzima. Gemu nyingi zilizofuata zimebakiza herufi zinazowaka juu ya mawe, na usiku tisa umeachwa.

Kwa nini wachawi wa gemu husema Kilatini?

Kwa wengi ni pambo la kuleta uzito wa kikanisa. Ila kuna mchezo mmoja uliokifanya Kilatini kuwa injini yenyewe: Ars Magica (1987), wa Jonathan Tweet na Mark Rein-Hagen. Mchezaji hujifunza vitenzi vitano, mfano *creo*, naumba, au *perdo*, naharibu, na majina kumi, mfano *ignem*, moto, au *corpus*, mwili. Unaunganisha kitenzi na jina, unapata tabano. Tano mara kumi, tayari una milango hamsini, na ndani ya kila mlango unabuni papo hapo.

Anayefikiri kwa Kiswahili ana kitu bora zaidi mkononi, nacho ni viambishi vya kitenzi. Waganga walishavitumia zamani: tego huteguliwa, aliyefungwa hufunguliwa, aliyelogwa huzinguliwa (maana ya zamani hiyo, kabla vijana hawajaanza kuzinguana mitaani). Chukua mzizi mmoja, *fung-*. Funga, fungua, fungia, fungisha, fungana, fungwa. Mwanafunzi wa uchawi anaanza na mizizi mitatu tu, halafu kila akipanda ngazi anapata kiambishi kimoja kinachofanya kazi kwenye mizizi yake yote. Akipata cha kutendana, matabano yake yote yanaanza kurudi kwake pia.

Vile viungo vya ajabu, kinyesi cha popo na kadhalika, vina maana yoyote?

Vingi ni utani wa Gygax na wenzake. Mpira wa moto unataka kinyesi cha popo na salfa: vyote vina uhusiano na baruti. Radi inataka kipande cha manyoya na kijiti cha kioo: sugua kimoja kwa kingine upate umeme wa kusuguana. Tabano la kupita ukutani linataka ufuta kidogo, na hapo aliyesikia hadithi ya Ali Baba anacheka.

Nyuma ya utani kuna wazo zito. Mwaka 1890 Mskoti James Frazer aligawa uchawi wa dunia katika kanuni mbili: kinachofanana huvuta kinachofanana, na vilivyowahi kugusana huendelea kugusana. Ya kwanza ni kinyago cha adui. Ya pili ni unywele wake, ukucha wake, mchanga wa unyayo wake. Wataalamu wa leo wana mengi ya kumkosoa Frazer, lakini wabunifu hawamwachi, kwa sababu kanuni hizo mbili zinampa mchezaji kazi ya kufanya. Kupata unywele wa mfalme ni kisa kizima cha usiku mmoja.

## Vyanzo visivyo na uchawi ndani yake

Lazima nisome mambo ya uchawi ili nibuni uchawi?

Hapana, na mifano ninayoipenda zaidi imetoka nje kabisa ya uchawi. Loom (1990), iliyobuniwa na Brian Moriarty, ilitoka kwenye ufumaji na muziki. Mhusika wako ni kijana wa chama cha wafumaji, na kila tabano ni noti nne unazopiga kwa fimbo. Unasikia noti za kufungua ganda, unaziandika kwenye karatasi. Baadaye unakutana na kitu kinachohitaji kufungwa, nawe hukufundishwa noti za kufunga. Unafikiri, halafu unazipiga zile za kufungua kinyumenyume, na kinafunga. Hakuna aliyekwambia, umegundua sarufi mwenyewe. Linganisha na tega na tegua katika swali la Kilatini.

Noita ya Nolla Games, studio ya Helsinki, ilitoka kikamilifu mwaka 2020. Imetoka kwenye uandishi wa programu. Fimbo ya mchawi ni mstari wa maagizo: hili linabadilisha linalofuata, lile linarudia, jingine linachelewesha. Kwa kuwa kila nukta kwenye skrini ina tabia yake, maji hutiririka, mafuta huwaka, ukikosea mpangilio unajiua kwa fimbo yako mwenyewe. Na utakosea.

Divinity: Original Sin (2014) ilichukua ya jikoni na ya fizikia ya sekondari: mvua inalowesha sakafu, umeme unapita kwenye maji, moto unageuza maji kuwa mvuke. Garfield wa Magic: The Gathering naye ni mwanahisabati mwenye shahada ya uzamivu katika elimu ya michanganyiko, na inaonekana.

## Uganga wa kwetu

Kuna gemu zilizokwisha kutumia mila za Kiafrika?

Zipo. Aurion: Legacy of the Kori-Odan ya mwaka 2016 ilitengenezwa Yaoundé, Kameruni, na Kiro'o Games ya Olivier Madiba, nguvu ya shujaa wake inaitwa Aurion na inafungamana na urithi wa mababu. Tales of Kenzera: Zau (2024) iliongozwa na Abubakar Salim, mwigizaji Mwingereza mwenye asili ya Kenya, baada ya kufiwa na baba yake. Kijana Zau anabeba vinyago viwili, cha jua na cha mwezi, anafanya mapatano na Kalunga, mungu wa kifo, ili babaye arudishwe. Chimbuko lake ni masimulizi ya Wabantu. Leti Arts, iliyoanzishwa mwaka 2009 ikiwa na watu wa Ghana na Kenya, imekuwa ikitengeneza gemu na vibonzo vya mashujaa wa Kiafrika.

Sifa zao nazitoa bila kusita kwa upande wa hadithi na rangi. Upande wa kanuni, Zau bado anarusha na kuruka kama wahusika wengine wa aina yake.

Nikitaka kuanzia pwani, nianzie wapi?

Anza na ramli. Sisemi uiamini, nasema itazame kama mbunifu.

Mpiga ramli anachapa vitone mchangani haraka haraka, mstari baada ya mstari, bila kuhesabu. Kisha anavifuta viwili viwili mpaka kibaki kimoja au viwili. Mistari minne inaunda sura moja, na kwa kuwa kila mstari ni kimoja au viwili, sura zinazowezekana ni 16, si zaidi. Anatengeneza sura nne za mwanzo, ambazo ni mama. Anazisoma mama hizo kwa upande, mstari wa kwanza wa zote, wa pili wa zote, na kuendelea, anapata mabinti wanne. Halafu anajumlisha sura mbili mbili: witiri na witiri hutoa shufwa, witiri na shufwa hutoa witiri. Nane zinazaa nne, nne zinazaa mashahidi wawili, na mashahidi wanazaa hakimu mmoja.

Bahati iko mwanzoni tu, kwenye vile vitone. Baada ya hapo kila kitu ni hesabu, na hesabu ina mlinzi ndani yake: hakimu lazima awe na jumla ya vitone ya shufwa. Akitokea hakimu wa witiri, mpiga ramli amekosea mahali. Kwa hiyo kati ya sura 16, ni nane tu zinazoweza kuhukumu. Mbunifu anayeng'ang'ana kutafuta namna ya kuunganisha dadu na mkakati, kitu hiki kimekaa hapa karne nyingi. Ulaya walikipokea kutoka kwa Waarabu, Madagaska kipo kwa jina la sikidy na hutumia mbegu, na Ifa ya Wayoruba ina sura 256, ambazo ni 16 mara 16.

Ukimaliza ramli, tazama wafaki wa tisa, mraba wa tarakimu 1 hadi 9 ambao kila mstari wake unatoa 15, na namna majina ya watu yanavyogeuzwa kuwa namba kwa hesabu ya abjadi. Kombe pia: aya zinaandikwa kwa zafarani kwenye sahani, zinaoshwa, maji yananywewa. Kwa mbunifu hapo kuna wazo la maandishi yanayotumika mara moja na kuisha, ila soma kwanza swali la imani hapa chini.

Na mashujaa wa tenzi?

Fumo Liyongo anatosha. Utenzi ulioandikwa na Muhammad Kijumwa mwaka 1913 unaeleza kwamba hapatikani kwa silaha yoyote isipokuwa sindano ya shaba kitovuni. Siri hiyo anaijua yeye, na anayeipata ni mwanawe, aliyehongwa. Hata alipokwisha kuchomwa, alipiga goti karibu na kisima akiwa na upinde wake, akafa vile vile, na watu hawakuthubutu kuteka maji wakidhani yu hai.

Wabunifu wengi huwapa majitu yao sehemu dhaifu inayong'aa nyekundu. Liyongo anafundisha kanuni nyingine: udhaifu ni siri, na siri hupatikana kwa jamaa tu. Mchezaji hawezi kumshinda kwa kulenga vizuri. Lazima aingie ndani ya nyumba.

## Maswali magumu

Ni sawa kutumia imani ya watu walio hai?

Inategemea unachukua nini na nani atakayeiona. Mwaka 2001 baadhi ya Wamaori wa New Zealand waliilalamikia LEGO kwa kutumia maneno yao katika mfululizo wa Bionicle, mojawapo likiwa *tohunga*, mtaalamu wa mambo matakatifu, lililowekwa kuwa jina la wanakijiji wa kawaida. Kampuni ilikubali kubadilisha baadhi ya majina, na wanakijiji wakawa Matoran.

Kanuni yangu: muundo unaazimika kirahisi, kitakatifu hakiazimiki kirahisi. Hesabu za ramli ni muundo. Aya za Qurani zenyewe, majina ya mizimu ya ukoo unaojulikana, au ngoma ya pepo yenye wenyewe, hivyo vina watu. Kawaulize, na wakikataa, acha.

Kuna mambo ya kutogusa kabisa?

Viungo vya miili ya watu wenye ualbino. Watu wameuawa na kukatwa viungo Tanzania na nchi jirani kwa imani hiyo, na gemu inayoviweka kwenye orodha ya viungo vya dawa inairudia imani ile ile kwa mtoto anayecheza. Vilevile bibi kizee mwenye macho mekundu kuwa ndiye mchawi siku zote: vikongwe wameuawa Usukumani kwa kudhaniwa hivyo. Na ramli inayomtaja jirani kuwa mchawi ndiyo hiyo polisi wanaiita ramli chonganishi. Ukiitumia, iwe ndiyo tatizo la kisa, isiwe chombo cha ushindi.

Maji ya Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe yaweke mbali na kikapu cha dawa za kinga. Waliokufa katika vita vya Maji Maji, kati ya 1905 na 1907, ni wengi mno kwa pambo la namna hiyo. Gemu kuhusu vita yenyewe ni jambo jingine, na natamani kuiona.

Mzazi, mchungaji au sheikh akisema gemu yangu ni ushirikina?

Hukuanza wewe. Miaka ya 1980 makundi ya wazazi na ya kidini Marekani yaliiandama Dungeons & Dragons, na toleo la pili la mwaka 1989 likawaondoa mashetani kwa majina yao, likawaita baatezu na tanar'ri. Wachezaji waliwatambua mara moja.

Mimi nashauri uwe wazi. Sema ni hadithi, usiweke maneno ya ibada halisi, na usiandike maelekezo ambayo mtoto anaweza kuyafuata nyumbani. Suala la halali na haramu si langu kulijibu. Waulize wanaostahili kuulizwa.

Naweza kunakili kanuni za uchawi za gemu nyingine?

Kwa jumla sheria za hakimiliki hulinda maandishi, picha na wahusika, si wazo wala utaratibu wa kucheza. Pointi za uchawi si mali ya mtu. Majina ni hatari zaidi: miaka ya 1970 waliokuwa na haki za kazi za Tolkien, mwandishi wa The Lord of the Rings, walitishia kushtaki, na mahobiti (watu wafupi wa vitabu vyake) ndani ya Dungeons & Dragons wakageuka *halfling*. Tangu Januari 2023 kanuni za msingi za toleo la tano la mchezo huo zimetolewa chini ya leseni ya Creative Commons, hivyo unaweza kuzitumia ukitaja chanzo. Ukishaanza kuuza, mwone mwanasheria.

Uchawi usiokuwa na kanuni je? Si ndio wa kutisha zaidi?

Unatisha kwenye hadithi, kwa kuwa msomaji hahitaji kuamua chochote. Mezani mtu lazima ajue akifanya hivi kuna hatari gani. Call of Cthulhu (1981) ya Sandy Petersen ilipata njia ya kati: uchawi wenyewe hauelezeki, lakini bei yake inaeleweka, nayo ni akili yako. Unatazama namba ya utimamu ikishuka.

Wachezaji wamegundua mwanya, matabano mawili yakiunganishwa yanaua kila kitu. Niuzibe?

Kwanza tazama kama wanafurahi. Ukiona lazima uzibe, usipunguze namba kimyakimya, ongeza sharti. "Haifanyi kazi mbele ya maji yanayotiririka" inaumiza kidogo, inakumbukwa, na inawapa adui zao sababu ya kuishi karibu na mto.

Mganga katika gemu yangu aweze kujitibu mwenyewe?

Methali imeshajibu: mganga hajigangi. Nimeona ikijaribiwa mezani kama kanuni rasmi, na vikundi vilianza kutembea na waganga wawili. Waganga hao wakigombana, hakuna anayepona. Ukiiweka, hakikisha mchezaji wa peke yake ana njia nyingine ya kupata nafuu, kama kulala au kula, la sivyo atakwama pango la kwanza.